Fenesi la Bibi juu ya msingi

Grupu: WANA WA BIBI MUHEZA 🌴
Ijumaa jioni

Mimi: Shikamooni wakubwa wote
Mimi: (video, dakika 1 na sekunde 12)
Mimi: Fungueni na sauti iwe juu. Bila sauti haina ladha

Mama Mdogo: Marahaba mwanangu. Bando langu la kuungaunga, linazunguka tu hapa. Ni nini hiyo?

Mjomba Rajabu: HAHAHAHAHA
Mjomba Rajabu: Zuu wewe! Nipo ndani ya mwendokasi nimesimama, nimecheka mpaka abiria wamegeuka. Mama mmoja ameniuliza kama niko salama

Kaka Idi: Nimeona. Anayeinuliwa pale juu mtoto wa nani? Mbona amefunikwa uso

Mimi: Fenesi

Kaka Idi: Fenesi???

Mimi: Lile la mti wa nyuma ya jiko. Tumelivalisha kofia ya Babu

Mama Mdogo: Nisimulieni basi na mimi

Mjomba Rajabu: Mdogo wangu, ni ule mwanzo wa filamu ya Simba, ile The Lion King ya Disney ya mwaka 1994. Pale nyani mzee anapomwinua mwana wa mfalme juu ya jabali na wanyama wote chini wanainama. Sasa hapa jabali ni msingi wa kile chumba cha uani ambacho hakijaisha. Nyani ni Kassim, ana khanga ya mama mgongoni na mti wa mchicha mkononi kama fimbo. Anachovya kidole kwenye unga, analipaka fenesi kwenye paji la uso, halafu juuuu!

Mjomba Rajabu: Na kuku wote wa mama wameinama. Wote! Nimerudia mara tatu sijaelewa mmefanyaje

Mimi: Tuliwamwagia pumba 😂 Ndiyo maana vichwa viko chini. Mbuzi hawakuwa kwenye mpango, walikuja wenyewe

Mama Mdogo: Imefunguka
Mama Mdogo: Yaa Rabi, Kassim! Na hiyo sauti inayosimulia ni yake? "Mpenzi mtazamaji, hapa msitu mzima umetulia, hata mwenye deni amesahau deni"

Mimi: Ya kwake mwenyewe, hakuandikiwa na mtu

Mjomba Rajabu: Hiyo imenirudisha mbali. Kwenye vibanda vya video tulikuwa tunamsikiliza Lufufu akitafsiri filamu. Alikuwa hatafsiri neno kwa neno, anakuhadithia. Wasimuliaji wale walikuwa wanaongeza mambo ambayo hayamo kwenye filamu kabisa, na wewe unatoka pale umeshiba. Kenya wanaye DJ Afro, kazi ni hiyohiyo. Kassim hajawahi kukanyaga kibanda cha video, amelitoa wapi jambo hili?

Mimi: Kwako Mjomba. Ukija hapa sikukuu ya Idi unatusimulia mechi hivyohivyo

Mjomba Rajabu: Basi nimenyamaza. Nimefurahi sana

Kaka Idi: Huku Muscat wenzangu kazini wana hizo video kwenye simu, wanainua paka, wanainua watoto wa mbwa, kuna mtu ameinua mkate. Wimbo ukianza kila mmoja anabwabwaja analojua yeye. Wananiuliza, Idi, hicho ndicho Kiswahili chenu? Nabaki sina jibu

Mimi: Kaka, mwambie si Kiswahili. Yale maneno ya kwanza kabisa ni Kizulu, ameyaimba Lebo M wa Afrika Kusini. Yanasema simba huyo anakuja. Kiswahili kiko kwenye majina: Simba, Rafiki yule nyani, Pumbaa yule ngiri. Na hakuna matata

Kaka Idi: Na Nala, yule mchumba wa Simba? Nimetafuta, mitandaoni wanasema maana yake zawadi

Mama Mdogo: Zawadi ni zawadi. Nala kwa wakwe zangu Mombasa ni nakula. "Nala wali." Mama mkwe ukimkuta mezani ndiyo salamu ya kwanza

Mjomba Rajabu: 😂😂 Hiyo iingie sehemu ya pili. Simba anamwita kwa mapenzi, "Nalaaa!" naye anajibu "nami nala, ngoja nimalize"

Mimi: Naandika

Mama Mkubwa: Asalaam alaykum. Nimetoka sokoni sasa hivi ndiyo naona
Mama Mkubwa: Zuhura, mimi hii video haijanifurahisha. Mnajua Kassim shuleni wanamwitaje?

Mimi: Waalaykum salaam Mama Mkubwa. Najua

Mama Mkubwa: Tangu walipooneshwa hiyo filamu darasani wanamwita Pumbaa kwa ajili ya mwili wake. Muhula uliopita siku mbili amejifungia chooni asiende shule. Nimemleta kwa mama apumzike na maneno hayo. Leo nakuta amerudishwa mulemule, tena na ndugu zake

Mama Mdogo: Dada pole. Hilo mimi sikulijua kabisa

Mjomba Rajabu: Wala mimi. Dada ungeniambia

Mimi: Mama Mkubwa naomba radhi. Lakini wazo si langu. Ni yeye aliyekuja na fenesi begani akasema Zuu shika simu. Yuko hapa pembeni, anataka kuandika mwenyewe

Mimi: mama ni mimi kassim shikamoo. mimi kwenye video si pumbaa ni mzee rafiki. nilimuuliza bibi pumbaa ni nini akasema kupumbaa ni kushangaa mpaka usahau ulichotumwa. mimi nikitumwa sisahau. bibi kanituma chumvi na kiberiti na nimeleta na chenji

Mimi: na ngiri hapumbai. bibi anasema wanachimba mihogo na hawaonekani. shimoni anaingia kinyumenyume ili meno yabaki mlangoni. waliompa hilo jina hawamjui ngiri

Mama Mkubwa: Marahaba baba
Mama Mkubwa: Marahaba

Mjomba Rajabu: Kassim, nisikilize mjomba wako. Mwaka 2004 hao hao wenye filamu walitoa nyingine, hadithi ileile lakini inasimuliwa na ngiri na mwenzake nguchiro. Wamekaa kwenye viti vya sinema gizani, rimoti mkononi, wanaisimamisha filamu pale wanapotaka na kusema hapana, sisi tulikuwa hapa, mambo yalikuwa hivi. Ngiri naye ni msimuliaji! Kwangu ndiyo mzaha mzuri kuliko mizaha yote iliyofanyiwa filamu ile, maana anayecheka ni yule aliyekuwa anachekwa

Mimi: mjomba nataka rimoti

Mama Mkubwa: 😂 Haya. Endeleeni. Lakini shati la shule nisilione humo

Mimi: Mimi Zuhura tena. Sehemu ya pili tumeshaanza. Kassim ni konda, ngiri wa daladala ya Muheza–Tanga. Nguchiro ni mpiga debe. Kila abiria akitoa noti kubwa wanaimba "Hakuna chenji!" na mabega yanacheza

Mama Mdogo: Hakuna chenji!! Hiyo imekaa. Ndiyo wimbo wa taifa wa stendi

Kaka Idi: Haitatuletea matatizo? Nilisikia yale maneno ya hakuna matata Disney wameyasajili

Mjomba Rajabu: Waliomba mwaka 1994, wakaandikishiwa Marekani 2003, ni kwa nguo wanazouza wao. Mwaka 2018 watu wengi walisaini kupinga, na mimi nilisaini. Lakini kusema hakuna mtu anayekuzuia. Bendi ya Them Mushrooms wa pwani ya Kenya waliyaimba mwaka 1982, filamu yenyewe haijazaliwa bado. Tena huku kwetu nani anasema matata? Tunasema hakuna shida, hakuna noma. Ukisikia matata ujue uko hotelini au umevuka mpaka wa Horohoro kuingia Kenya

Mjomba Rajabu: Ila nguchiro wenu mrekebishe. Yule wa kwenye filamu anayesimama wima ni wa kusini huko, Kalahari. Wa kwetu ni mwingine, anapita na vifaranga

Mimi: Tumempa huyo wa kwetu. Mpiga debe anaiba vifaranga vya abiria

Mama Mdogo: Mimi nina ombi. Fisi msiwaite Shenzi. Kwenye filamu yumo mmoja anaitwa hivyo na watoto wa jirani wameshaliokota, wanaitana mlangoni kwangu

Mimi: Subirini, Bibi amesikia nikisoma hapa. Anatuma sauti

Mimi: (ujumbe wa sauti, sekunde 41)

Mimi: Naiandika kwa wasio na bando. Bibi anasema: "Mwajuma umesema kweli. Neno hilo waungwana wa pwani walikuwa wakituita sisi watu wa bara. Baba yangu Mbondei, kashusha machungwa yake Pangani, kaitwa hivyo mbele yangu nami mtoto, na machungwa wakanunua. Sitaki kulisikia uani kwangu, hata kwa fisi."

Mjomba Rajabu: Mama hilo hujawahi kutuambia

Mama Mkubwa: Miaka yote hii

Mimi: Kassim amewapa majina mapya hapohapo. Fisi wa kwanza Nipe, wa pili Niongeze, wa tatu Bado

Kaka Idi: Bado 😂😂😂 Huyo namjua, nimeishi naye nyumba moja

Mimi: (ujumbe wa sauti, sekunde 23)

Mimi: Bibi tena: "Sasa na mimi nina langu. Nani alikuambieni fenesi limeiva? Mmeligonga? Mmelinusa? Lilikuwa limebakiza wiki mbili. Utomvu umejaa kwenye khanga yangu ya harusi ya Mwajuma na kofia ya marehemu imeganda kama imetiwa gundi."

Mama Mdogo: Khanga ya harusi yangu!!

Mimi: Tunaomba radhi Bibi. Kassim mikono yake imegandana tangu saa tisa, tumempaka mafuta ya kula, imeachia upande mmoja

Mjomba Rajabu: Mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, halafu sabuni. Kofia msiivute, mtaipasua. Iacheni mpaka nije

Mama Mkubwa: Fenesi bichi msitupe. Likatwe, lichemshwe, litiwe nazi na bizari. Mama anajua

Mimi: Ameshaweka nazi kwenye mbuzi

Jumamosi asubuhi

Mjomba Rajabu: Zuu, usiku nilikuwa nawaza. Ile sehemu ya baba yake Simba kutokea mawinguni mtaifanyaje?

Mimi: Ndiyo imetushinda. Tulifikiria kuchora wingu kwenye shuka

Mjomba Rajabu: Katuni za The Simpsons waliifanyia mzaha mwaka 1995. Anatokea mwanamuziki aliyekufa, halafu wingu linajaa wengine, simba yumo, Darth Vader wa filamu za Star Wars yumo, maana sauti za hao wawili kwenye filamu zao ni za mtu mmoja, James Earl Jones. Alikuwa baba simba mwaka 1994, na walipoirudia 2019 wakamwita yeye tena. Alifariki 2024. Sauti ya namna ile huigizi, unaichekea kwa heshima

Mimi: Na sisi hatuna sauti kama hiyo

Mjomba Rajabu: Tunayo. Simu yangu ya zamani niliiwasha jana, imo sauti ya Babu. Alinitumia siku ile nilipowaacha mbuzi wakaingia kwenye mahindi ya jirani

Mama Mkubwa: Rajabu, usiniambie

Mama Mdogo: Itume. Au usiitume. Sijui. Muulize mama kwanza

Mimi: Nimemuuliza. Amekaa kwenye mkeka, ameshika kikombe, hajasema kitu
Mimi: Amesema itume

Mjomba Rajabu: (ujumbe wa sauti, sekunde 6)

Kaka Idi: Nimeisikia. Niko stoo nimefunga mlango

Mama Mdogo: "Rajabu! Mbuzi!" Vilevile. Herufi kwa herufi

Mimi: Bibi ameirudisha mara nne. Amecheka, akajifuta macho na ncha ya khanga, sasa amesimama mlangoni
Mimi: Anasema, Kassim, umemsikia babu yako, kafunge mbuzi