Aktini na alfa-aktinini: kwa nini jeli ni ngumu kwa 1 Hz na uji kwa 0.01 Hz?

nyuzi_saba
Wakuu, naomba msaada wa kusoma matokeo. Nina aktini (protini inayojipanga kuwa nyuzi) ya misuli ya sungura, mikromola 24 (yaani miligramu 1 kwa mililita), na alfa-aktinini (protini inayozifunga nyuzi hizo pamoja) kwa uwiano wa 1:100. Reomita (mashine ya kupima ugumu wa jeli) ni ya koni na sahani, kipenyo milimita 40, pembe digrii 1. Kwa 1 Hz jeli inasimama vizuri, kwa 0.01 Hz inatiririka. Nikipandisha alfa-aktinini hadi 1:20, G′ (kipimo cha ugumu wa jeli) inaruka ovyo kati ya sampuli na sampuli, na nyingine zinatoka na mabonge. Filamini, kiunganishi kingine cha nyuzi, kwa uwiano wa 1:100 haitofautiani sana na aktini tupu, wakati nilitegemea protini ndefu namna ile ikaze zaidi. Protini zimeharibika, au kosa ni langu?

fundo_la_wavu
Protini zako huenda ni nzima kabisa. Fikiria wavu ambao mafundo yake yanajifungua na kujifunga yenyewe. Alfa-aktinini haikai kwenye uzi wa aktini milele. Kwa joto la kama nyuzijoto 25 kila fundo hudumu sekunde moja au chache hivi, kisha linaachia. Kwa 1 Hz unautikisa wavu haraka kuliko mafundo yanavyoachia, ndiyo maana unauona mgumu. Kwa 0.01 Hz mzunguko mmoja ni sekunde 100, kila fundo limeshaachia na kushika mara nyingi, na nyuzi zinateleza. Kwa hiyo G′ iliyoandikwa bila marudio yake (idadi ya mitikiso kwa sekunde, yaani Hz) haisemi kitu.

Joto nalo lina neno. Ipoze sampuli ileile hadi nyuzijoto 8 na utaiona ikikaa kama jeli hata kwenye marudio ya chini, kwa kuwa mafundo yanaachia polepole zaidi. Makala nyingi huandika "joto la chumba" zikimaanisha 20 hadi 25. Joto la chumba la Dar mwezi wa Januari ni jambo jingine, kwa hiyo funga sahani kwenye 25 kwa kidhibiti cha mashine na uandike namba.

Mabonge ya 1:20 ni mafurushi. Alfa-aktinini ikizidi haifungi tena wavu uliosambaa, inazilaza nyuzi ubavu kwa ubavu. Kwa miligramu 1 kwa mililita, macho ya wavu yana upana wa takriban mikromita 0.3, nyuzi zikishakusanyika kwenye mafurushi, macho yanapanuka na sampuli inakuwa na sehemu nene na sehemu tupu. Hapo kila kipimo kitatoa namba yake. Pima 1:200, 1:100 na 1:50, kisha zungusha sehemu ya sampuli kwenye sentrifuji kwa 10,000 g. Nyuzi moja moja hubaki juu, mafurushi hushuka. Aktini ikianza kushuka kwa wingi, umeshavuka mpaka.

Halafu hakikisha uwiano wako unahesabu "daima" (dimer, molekuli mbili zilizoshikana) au monoma (molekuli moja moja). Alfa-aktinini hufanya kazi ikiwa daima, na kosa hili peke yake linakugeuzia 1:100 kuwa 1:200. Kwa daima, 1:100 ni mikromola 0.24, karibu miligramu 0.05 kwa mililita.

mkazo_wa_awali
Naongezea upande wa filamini, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa mapema. Daima ya filamini ina urefu wa nanomita 160 hivi na ina bawaba katikati. Ukiupinda wavu wake kidogo, bawaba zinanyooka tu na uzi wenyewe hauvutwi, kwa hiyo G′ ya mgeuko mdogo inakaribia ya aktini tupu. Hilo si kosa. Nguvu yake unaiona ukiuvuta: weka mkazo usiobadilika, sema paskali 0.1, kisha juu yake mtikiso mdogo usiozidi sehemu ya kumi ya mkazo huo. Panda hatua kwa hatua hadi wavu ukatike. Kila hatua subiri mgeuko utulie kwanza. Wavu wa filamini hukaza mara mamia kabla ya kukatika. Ndani ya seli kazi ya kuvuta hufanywa na miosini, protini inayovuta nyuzi za aktini.

Linganisha pia na aktini iliyotiwa bafa (maji yenye chumvi za kudhibiti uasidi) ya kuhifadhia filamini bila filamini yenyewe. Bafa hizo mara nyingi zina chumvi nyingi, nayo hubadilisha jinsi nyuzi zinavyoota.

nyuzi_saba
Asanteni sana. Aktini tupu inanipa paskali 40 kwa 1 Hz. Hiyo ni sawa?

fundo_la_wavu
Hapana ndugu, hapo pana tatizo. Aktini tupu safi ya mikromola 24 hukaa kati ya paskali 0.1 na 1. Kuna washukiwa wawili. Kwanza, mabaki ya alfa-aktinini kutoka kwenye unga wa asetoni (misuli iliyokaushwa kwa asetoni, ambamo aktini hutolewa): pitisha aktini kwenye safu ya kuchuja kwa jeli, inayotenganisha protini kwa ukubwa, chukua vipande (mafungu yanayotoka kwenye safu) vya nyuma ya kilele, usivichukue vya mbele. Pili, utando wa protini unaojijenga pale sampuli inapogusa hewa kwenye ukingo wa koni. Unachopima ni utando. Zungushia mafuta ya madini ukingoni, yatazuia na ukaukaji pia.

Upakiaji: changanya aktini ambayo bado haijawa nyuzi na kiunganishi kwanza, tia bafa ya kuiunganisha kuwa nyuzi (yenye ukolezi wa mara 10) mwishoni, changanya kwa upole na pakia ndani ya nusu dakika. Koni yako inataka takriban mililita 0.3. Tumia ncha ya pipeti iliyokatwa, kwani ncha nyembamba huzikatakata nyuzi zilizokwisha kuota. Fuatilia G′ kwa 1 Hz na mgeuko wa asilimia 1 hadi itulie, kama saa moja.

mkazo_wa_awali
Ukitaka kudhibiti urefu wa nyuzi kwa gelsolini, protini inayokata nyuzi (1:370 hutoa wastani wa mikromita 1), angalia bafa. Gelsolini inahitaji kalisi ili ikate, na EGTA (kemikali inayonasa kalisi) inaichukua yote. Ukiibakiza kalisi, alfa-aktinini isiyo ya misuli inalegea, kwa sababu kalisi huizuia kushika aktini. Kwa mchanganyiko huo tumia CapZ, protini inayoziba ncha za nyuzi, yenyewe haidai kalisi.