Kuchapisha hadithi ya shabiki kuwa kitabu: je, kuuza kwa gharama tu kunaniweka salama?

Binti wa Kisauni

Assalamu alaikum na hamjambo nyote. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiandika kwa Kiswahili hadithi ndefu inayotokea katika ulimwengu wa Harry Potter, kuhusu msichana wa Mji wa Kale, Mombasa, anayeletewa barua ya Hogwarts, ile shule ya uchawi, na bundi aliyetua barazani kwa nyanyake. Sura zote 41 ziko mtandaoni bure. Sasa wasomaji kama thelathini wanataka kitabu cha kushika mkononi, na mimi mwenyewe, sitaficha, natamani kukiona kwenye rafu. Juzi nilimpelekea faili mwenye matbaa mmoja mjini, alisoma ukurasa wa kwanza, akavua miwani, akaniuliza, "Huyu mwenye Hogwarts amekupa barua?" Nikakosa jibu. Nia yangu ni kuwatoza wasomaji gharama ya karatasi, wino na jalada, bila kujiongezea hata shilingi moja. Je, hilo linatosha?

Msomaji wa Zamani

Wa alaikumu salaam, dadangu. Halitoshi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humpa mwandishi peke yake haki ya kutafsiri, kurekebisha na kusambaza kazi yake, na ulinzi huo huendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. J. K. Rowling, mwandishi wa Harry Potter, yu hai, kwa hiyo hata kuhesabu hakujaanza. Kuuza bila faida kunaweza kumlainisha moyo mwenye haki, lakini hakukupi ruhusa asiyokupa.

Kisa kinachokuhusu zaidi ni cha Harry Potter Lexicon, ingawa hiyo ilikuwa kamusi ya mambo ya ulimwengu huo na si hadithi. Kwa miaka kadhaa mkutubi mmoja Mmarekani aliiendesha mtandaoni, bure kwa kila mtu, na mwaka 2004 Rowling mwenyewe aliitunuku kuwa miongoni mwa tovuti za mashabiki alizozipenda. Ilipokaribia kuwa kitabu cha dukani, yeye na Warner Bros., kampuni iliyotengeneza filamu za Harry Potter, walimshtaki mchapishaji, RDR Books, huko New York. Septemba 2008 jaji alikizuia kitabu hicho na kuamuru fidia ya dola 6,750. Alikubali kwamba vitabu vya rejea vina manufaa, ila hiki kilikuwa kimechota mno maneno ya mwandishi. Kilichotoka mwaka 2009 kilikuwa kimeandikwa upya. Kwa hiyo mtu anaweza kukusifu leo kwa kazi yako ya bure, na kesho, ikishapata karatasi na bei, mkaonana mahakamani.

Wala usidhani udogo wa mradi utakuficha. Mwaka 2006 Lori Jareo, shabiki wa filamu za Star Wars, alijichapishia riwaya yake, Another Hope, ikaonekana ikiuzwa Amazon. Alijitetea kwamba aliiandika kwa ajili ya jamaa na marafiki. Lucasfilm, kampuni ya filamu hizo, ilidai iondolewe, ikaondolewa.

Mjalidi wa Tanga

Kakangu Msomaji amesema kweli kuhusu mahakama, ila ameiruka historia. Mashabiki wa Star Trek, kipindi cha televisheni, walianza kutoa majarida yao tangu Spockanalia ya mwaka 1967, wakiyachapa wenyewe na kuyauza kwa bei ya kurudisha gharama. Hawakuwa na ruhusa. Walifumbiwa macho tu, na aliyekufumbia macho anaweza kuyafumbua siku yoyote.

Ninachokushauri ni kushona badala ya kuuza. Panga faili vizuri, uiweke bure, kila msomaji ajichapie na kujijalidia nakala yake. Kazi yenyewe haihitaji mtambo: karatasi nne nne hukunjwa katikati zikapata kurasa 16, mkunjo ukatobolewa kwa msharasi, kisha mafungu yote yakashonwa pamoja kwa uzi wa kitani uliopakwa nta ili usiteleze. Kitabu changu cha kwanza kilitoka na nundu ya ngamia kwa sababu nilipaka gundi mgongoni kabla ya kukikandamiza kwa matofali.

Na jihadhari na wachuuzi. Manacled, hadithi ya shabiki wa Harry Potter aitwaye SenLinYu iliyokuwa ikisomwa bure, ilijalidiwa na watu baki wakaiuza mtandaoni kwa bei ya juu bila ridhaa ya mwandishi. Fedha zilikuwa zao. Hofu ya barua ya mwanasheria ilikuwa ya mwandishi. Andika kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, kwamba nakala haiuzwi.

Kalamu Mpya

Mbona hamtaji njia iliyowafikisha wengine madukani? Fifty Shades of Grey ilianza kama hadithi ya mashabiki wa riwaya za Twilight. Majina yakabadilishwa, ikatoka mwaka 2011 kama riwaya inayojitegemea. Huyo SenLinYu naye aliiondoa Manacled mtandaoni, akaisuka upya, ikatoka mwaka 2025 kwa jina la Alchemised. Badilisha majina tu, dada, ukauze.

Mjalidi wa Tanga

Hilo "tu" ndilo linalonitisha, ndugu yangu. Ukimwita Harry jina la Hamisi, na bado ana kovu la radi kwenye paji la uso na analala chini ya ngazi, umebadilisha nini? Binti wa Kisauni aing'oe Hogwarts yote kwanza, kisha atazame kilichobaki kama kinasimama.

Binti wa Kisauni

Nimehesabu jana usiku. Kati ya sura 41, tisa tu ndizo zinazotokea shuleni. Zilizobaki ziko kwa nyanya, Marikiti na kando ya Ngome ya Yesu, na nyanya huyo sikumwazima kwa mtu. Hata bundi alikuwa akinisumbua tangu mwanzo, kwa kuwa kwetu bundi akitua nyumbani hapokelewi barua, hufukuzwa. Nitamweka kunguru.

Toleo la kuuza basi litasubiri hadi nimalize kuliandika upya. Hili la sasa nitashona nakala tatu: yangu, ya mama, na ya kaka yangu aliyesoma kila sura kabla ya mtu mwingine yeyote. Mjalidi, uzi wa kitani nimeukosa mtaa mzima. Je, uzi wa fundi viatu utafaa?

Mjalidi wa Tanga

Utafaa ukiwa mwembamba. Upake nta kwanza, na usiuvute sana, usije ukachana karatasi kwenye mkunjo.