Naomba ushauri: ruzuku ya kuhudumia familia nzima zinazoishi na VVU, Katuba, Lubumbashi

Mama wa Katuba aliandika:

Ndugu zangu, salamu kutoka Katuba. Sisi ni chama cha akina mama tunaoishi na VVU, pamoja na bibi kadhaa wanaolea wajukuu waliofiwa na wazazi. Tunasindikizana kituo cha afya, tunakumbushana saa ya dawa, na mwenzetu akikosa nauli tunachanga.

Linalonisukuma kuandika ni hili. Mama anaitwa kituoni Jumatatu kuchukua dawa zake, mtoto wake anaitwa Alhamisi kwa kipimo, na baba haitwi siku yoyote. Mama anayeuza makala kwa mafungu akikosa soko siku mbili katika juma moja, nyumbani unga wa bukari unakosekana. Kwa hiyo anachagua siku moja, na mara nyingi inayoachwa ni ile ya mtoto.

Tunataka kuomba ruzuku ili familia ihudumiwe siku moja, mahali pamoja. Kijana wetu mmoja alituonyesha kwenye simu tangazo la serikali ya Marekani la kufadhili huduma ya VVU inayozingatia familia, kwa wanawake, watoto wachanga, watoto na vijana wa kipato cha chini. Je, sisi tunaruhusiwa kuomba? Kama haturuhusiwi, tubishe hodi wapi? Yuko pia mtu anayedai alipwe kwanza ndipo atuandikie ombi hilo, na baadhi yetu wameanza kuchanga.

Mhasibu Kampemba alijibu:

Mama, tafadhali simamisheni mchango huo leo. Tangazo mliloonyeshwa linafanana kabisa na Sehemu D ya mpango wa Ryan White, uliowekwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1990. Fedha zake hupewa taasisi zilizo ndani ya Marekani na maeneo yake, kwa ajili ya wagonjwa wa huko. Hata ombi liandikwe vizuri kiasi gani, halitakifanya chama cha Katuba kistahili. Hata hivyo, chukueni wazo lake: wanagharimia matibabu pamoja na huduma zinazomwezesha mgonjwa kubaki kwenye matibabu, nauli ikiwemo.

Kwa upande wetu, PEPFAR, mpango wa Marekani ulioanza mwaka 2003 kwa nchi za nje, uliuchukua mkoa wetu wa Haut-Katanga kuwa mmojawapo wa mikoa yake hapa Kongo. Lakini mliona jinsi misaada ilivyosimamishwa ghafla Januari 2025, kwa hiyo msijenge kazi yote juu ya mfadhili mmoja. Mfuko wa Dunia wa Kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria nao haupokei ombi la chama kidogo moja kwa moja. Fedha zake hupitia kwa wapokeaji wakuu, ambao kwa miaka mingi hapa Kongo wamekuwa Wizara ya Afya na mashirika ya Cordaid na SANRU, na hao ndio wanaochagua mashirika ya kufanya kazi chini yao.

Kwa hiyo anzieni karibu. Nendeni kwa daktari mkuu wa zone yenu ya afya (eneo la huduma za afya), kisha ofisi ya mkoa ya PNLS, programu ya taifa ya kupambana na Ukimwi, mkaulize ni shirika gani linalogharimia huduma ya VVU katika zone hiyo kwa sasa. Ombeni kufanya kazi chini ya shirika hilo. Mtaulizwa karatasi zinazotakiwa na sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001 kuhusu vyama visivyo vya faida. Kama bado hamna utu wa kisheria, yaani chama hakijatambuliwa rasmi na serikali, ungeni mkono na chama kilicho nao, kwa mkataba ulioandikwa unaotaja ni nani atakayeshika fedha na nani atakayetia saini benki.

Muuguzi wa PTME (huduma ya kuzuia mama asimwambukize mtoto VVU) alijibu:

Nakubaliana na Mhasibu, nami naongeza kuhusu andiko lenyewe, maana hapo ndipo maombi mengi mazuri huharibika. Miradi mingi huhesabu watu waliopimwa, na bajeti hufuata hesabu hiyo. Ninyi hesabuni kaya. Andikeni ni kaya ngapi ambazo mama, baba na kila mtoto wanajua hali yao, na wenye virusi wote wanatumia dawa.

Elezeni kwa nini siku ya mtoto haipaswi kuachwa. Bila kinga yoyote, mama anaweza kumwambukiza mtoto kwa uwezekano wa asilimia 15 hadi 45, na kwa matibabu yanayofuatwa vizuri uwezekano huo hushuka chini ya asilimia 5. Mtoto anapaswa kupimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe, akiwa na wiki 4 hadi 6, kwa sababu kipimo cha haraka kinaweza kuonyesha kingamwili za mama. Akikutwa na virusi, siku hizi kuna dolutegravir ya watoto, kidonge cha miligramu 10 kinachoyeyuka katika maji, kwa mtoto wa kuanzia wiki 4 na kilo 3. Nimewaona akina mama waliozoea kupambana na dawa chungu ya maji wakishangaa mtoto anapomaliza kikombe bila kulia.

Dawa hizo msiziweke kwenye bajeti, kwa kuwa huja kwa njia ya programu ya taifa. Ombeni kile ambacho kwa kawaida hakuna anayekilipia: nauli ya kaya, posho ya mama mshauri anayefuatilia waliokosa miadi, uji wa watoto siku ya kliniki, na simu ya kuulizia majibu ya PCR. Zaidi ya yote, mkubaliane na kituo kwa maandishi kuhusu siku moja ya familia. Bila barua hiyo, nauli mtakayoipata itaishia kuwapeleka watu mara mbili.

Baba wa Ruashi alijibu:

Mimi ninaishi na VVU, mke wangu pia. Nawaomba mfikirie sana jambo la siri. Daftari moja la kaya linaweza kumfichua mama ambaye bado hajamwambia mumewe, na tunawajua waliofukuzwa nyumbani kwa sababu hiyo. Sheria namba 08/011 ya tarehe 14 Julai 2008 inalinda haki za wanaoishi na VVU. Kila mtu awe na faili lake, na mafaili yaunganishwe kwa namba ambayo mhudumu pekee anaijua. Sisi wanaume, mtualike kupima presha na sukari pamoja na VVU. Tutakuja.

Mama wa Katuba aliandika:

Asanteni sana, ndugu zangu. Nimewaambia wenzangu, mchango umesimama, na waliotoa wanarudishiwa. Swali moja limebaki: tuanze na kaya ngapi?

Mhasibu Kampemba alijibu:

Anzeni na zile mnazozifuatilia tayari, hata kama ni chache. Andikeni orodha bila majina, mwonyeshe kwa kila kaya ni nani bado hajapimwa na nani amekosa miadi, kisha mpelekeeni daktari mkuu wa zone pamoja na ombi la siku moja ya familia. Siku hiyo haihitaji ruzuku, na akiikubali, barua yake ndiyo itakuwa kiambatisho cha kwanza cha andiko lenu.