Naomba ushauri: hesabu ya gurudumu la Fizeau inanipa nusu ya kasi ya mwanga

Mwalimu wa Zamu: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia sekondari, keshokutwa nina kipindi cha kasi ya mwanga na nimekwama kwenye jaribio la mwanafizikia Mfaransa Fizeau la 1849: mwanga unapita kwenye mianya ya gurudumu la meno linalozunguka, unagonga kioo cha mbali na kurudi kwenye gurudumu. Gurudumu na taa vilikuwa Suresnes karibu na Paris, kioo kikiwa kilima cha Montmartre, mita 8,633 kwenda tu. Meno 720. Mwanga ukapotea gurudumu lilipofika mizunguko 12.6 kwa sekunde. Nazidisha 17,266 × 720 × 12.6, napata kilomita 156,637 kwa sekunde. Nakosea wapi?

La pili: nina sproketi ya baiskeli ya meno 44 na tochi ya leza. Maabara hadi tangi la maji ni mita 200. Naweza kuwaonyesha wanafunzi?

Fundi Saa: Mwalimu, kosa lako liko kwenye mwanya (si ule wa urembo 😀). Gurudumu likisogea jino zima, mwanga unaorudi unakuta mwanya unaofuata na kupita zake. Unapotea pale jino linapokuwa limekaa palipokuwa na mwanya, yaani nusu ya hatua hiyo. Weka 1,440 badala ya 720, utapata 313,000 na kitu. Waambie pia kwamba spidi ikifika 25.2 mwanga unaonekana tena. Hapo ndipo wataelewa.

Mwalimu wa Zamu: Aisee, kumbe! Ila bado imezidi kasi halisi, 299,792.

Kijiwe cha Lenzi: Fizeau alikuwa anategemea jicho, mkuu. Mwanga haukatiki kama umeme wa LUKU ukiisha, unafifia kidogo kidogo, sasa useme saa ngapi umepotea kabisa? Mfaransa mwingine, Cornu, miaka ya 1870 alirudia kwa njia ndefu zaidi, kilomita kama 23 kutoka Paris hadi Montlhéry, na gurudumu la kasi zaidi. Akafika karibu 300,400.

Hiyo sproketi achana nayo. Kwa mita 200 na meno 44 unahitaji mizunguko kama 8,500 kwa sekunde, zaidi ya 500,000 kwa dakika. Grainda ya fundi wa kuchomelea inakwenda kama 11,000 kwa dakika, na tunaiogopa.

Mama Kopo: Tumia maikrowevu. Weka chokoleti bapa ndani, washa sekunde chache tu, itayeyuka kwa madoa. Pima kutoka doa hadi doa, ni kama sentimita 6. Hiyo ni nusu ya urefu wa wimbi, na mawimbi ya maikrowevu yana kasi ileile ya mwanga. Zidisha mara mbili, kisha zidisha kwa namba ya masafa (mawimbi kwa sekunde) iliyo kwenye kibandiko cha nyuma, kawaida 2450 MHz. Kwa sentimita 12 unapata kilomita 294,000 kwa sekunde, na hakuna aliyepoteza kidole.

Mwalimu wa Zamu: Asante sana dada. Ile sahani inayozunguka naiacha?

Mama Kopo: Itoe! Chokoleti ikizunguka itayeyuka yote, upime nini sasa? Na nunua mbili, moja wataila kabla hujashika rula.