Mpira ulikuwa wetu asilimia 70: ndiyo kusema tulistahili kushinda?

Wadau, timu ikifungwa huku imeshika mpira muda mrefu, mashabiki wake hukimbilia takwimu: "Tuliwatawala, bahati tu haikuwa yetu." Nakataa. Umiliki unaeleza mpira ulikuwa kwa nani. Ulikuwa eneo gani la uwanja na ulifanyiwa nini, hausemi.

Kombe la Dunia 2022, Japani iliifunga Hispania 2-1 ikiwa na mpira chini ya asilimia 18. Siku chache baadaye Hispania hiyohiyo ikapiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Moroko. Dakika 120 zikaisha bila bao, ikatolewa kwa penalti 3-0. Zile pasi zote zilimtisha nani?

Halafu kuna hili ambalo wengi hulisahau: bao lenyewe hubadili takwimu. Timu ikitangulia hurudi nyuma, humwachia mpinzani mpira na kusubiri kushtukiza. Anayefungwa hupandisha asilimia zake kwa sababu amefungwa! Ndiyo maana mimi, kabla ya kutazama namba yoyote, huuliza kwanza bao liliingia dakika ya ngapi.

Najua mtanitajia Manchester City ya kocha Guardiola, wanaomiliki na kubeba makombe. Kweli, lakini Leicester nao walitwaa ubingwa wa Uingereza msimu wa 2015/16 huku wakiwa miongoni mwa timu zilizokaa na mpira kidogo kabisa kwenye ligi.

Mashuti nayo yasihesabiwe kwa ujumla tu. Ishirini ya mbali, yanayogonga miguu ya mabeki, hayalingani na manne ya ndani ya boksi. Kwa hilo naheshimu hesabu ya mabao tarajiwa: kila shuti hupewa uzito kati ya 0 na 1 kulingana na uwezekano wake wa kuwa bao, na penalti hupata kati ya 0.75 na 0.8. Hata hivyo, krosi iliyopita mbele ya lango tupu bila kuguswa haimo kabisa kwa kuwa si shuti, ingawa uwanja mzima ulisimama. Mechi moja ni sampuli ndogo. Kumi mfululizo ndizo huanza kunishawishi.

Sasa mnaotetea umiliki: ukipewa namba moja tu kabla ya kujua matokeo, utachagua asilimia za mpira au mashuti ya ndani ya boksi? Leteni na mechi ya mfano.