Nikisaini fomu ya kupanda ndege ya vita ya zamani halafu ikaanguka, mama watoto anaweza kudai?

Babu wa Hartford
Wakuu habari za mchana. Natimiza miaka 65 mwezi ujao, wanangu wamechanga wakanikatia tiketi ya kupanda lile dege la vita la injini nne, nusu saa angani basi. Mimi kwa ndege ni mgonjwa toka nasoma madrasa kwa hiyo furaha niliyonayo msiulize. Sasa jana ikaja fomu kwenye imeili, kurasa nne, maandishi kama ya kwenye kikaratasi cha dawa, kila ukurasa unaweka herufi za jina lako pembeni. Inasema mimi, mke wangu, watoto na warithi hatutamdai mtu yeyote HATA KAMA uzembe ni wao. Mama watoto kaisoma mara mbili akasema hiyo saini si yako, ni ya eda yangu. Anakumbuka ile B-17, dege la vita la zamani la injini nne kama hilo, iliyoanguka hapa hapa uwanja wa ndege wa Bradley mwaka 2019, siku ile moshi tuliuona toka parking ya kazini. Naomba kujuzwa, ukishasaini ndio imetoka hiyo?

Fundi Plagi
Shikamoo babu. Mimi si mwanasheria ila ripoti ya ile ajali nimeisoma yote maana ndio kazi yangu. Tarehe 2 Oktoba, ndani watu 13, abiria 10 kila mmoja katoa dola 450. Wameruka saa nne kasoro asubuhi, haijafika dakika kumi injini namba nne inasumbua wakageuza warudi, sasa rubani akashusha matairi mapema, ndege nzito ile, spidi ikaisha wakagonga taa zilizoko kabla ya ranwei, wakaserereka mpaka kwenye jengo la mitambo ya kuyeyusha barafu, moto. Walikufa 7, marubani wote wawili na abiria 5.
Kilichoniuma ni walivyofungua ile injini. Kila injini ina magneto mbili, ndio vifaa vinavyotoa umeme wa cheche za plagi. Magneto ya kushoto waya wake ulikuwa umechomoka kwenye kishikio chake, mtu kaubana na kiwaya, umeme unakimbilia kwenye bodi badala ya plagi, yaani magneto imekufa. Ya kulia ipo ila cheche za kuombaomba. Na msimamizi wa matengenezo ni nani? Ni rubani huyohuyo. Machi 2020 FAA, yaani mamlaka ya anga ya Marekani, wakawafutia wenye ndege kibali cha kubeba watu wa kulipa, maana ndege hizi kwa kawaida haziruhusiwi kabisa kuchukua nauli, zinabeba kwa msamaha maalumu.

Karani wa Mawakili
Marahaba tutamwachia babu mwenyewe haha. Babu mimi nafanya kazi ofisi ya mawakili, siyo wakili, ukitaka uhakika lipia ushauri.
Kwa jimbo lako la Connecticut umebahatika. Mwaka 2005 mahakama ya juu ya jimbo iliamua kesi ya Hanks na Powder Ridge, jamaa kaenda kuteleza kwenye theluji na watoto, kasaini fomu kama yako, mguu ukaumia vibaya. Mahakama ikasema ukifungua biashara ya starehe kwa watu wote huwezi kuwalazimisha wakusamehe uzembe wako mwenyewe, fomu ikawa karatasi tu. Hata watu wa ile B-17 walienda mahakamani. Ila mfiwa ana miaka miwili toka kifo, akilala imekula kwake.
Halafu msidanganyike na ripoti aliyoisoma Fundi. Pale NTSB, wale wachunguzi wa ajali wa serikali, wanaposema chanzo ni hiki na hiki, sheria inakataza kutumika kwenye kesi ya fidia. Walichokiona kwa macho sawa, hitimisho hapana. Kwa hiyo kila upande unakodi mtaalamu wake waanze kubishana upya kuhusu hicho hicho kiwaya, na hapo ndio pesa inapoliwa.

Tozi Mbezi
Nyie mnahangaika na hivi vijimuseum vyenye hizo ndege, si mshtaki Boeing au serikali yenyewe iliyotoa kibali?? huko ndio kwenye mpunga

Karani wa Mawakili
Tozi, ndege ya 1945! Kuna sheria ya 1994, ndege ya viti chini ya 20 isiyo ya safari za ratiba ikipita miaka 18 aliyeitengeneza hashikiki kirahisi. Serikali nayo, kesi ya Varig ya 1984, mahakama kuu kabisa ilisema FAA wana hiari ya kuamua wakague nini na vipi, huwezi kudai kwa sababu hawakukagua vizuri. Unarudi kwa mwenye ndege na bima yake, na hawa wengi ni taasisi zisizo za faida, mali yao ndio hiyo ndege iliyoungua. Babu uliza bima ni kiasi gani.
Na kingine cha muhimu kuliko vyote, tafuta ule mstari unaosema mgogoro utaamuliwa kwa sheria za jimbo gani. Hapo jirani Massachusetts fomu hizi zinashika. 2020 walikuwa na kesi ya mpiga mbizi aliyefariki, alishasaini, mahakama ikasema saini ya marehemu imefunga na mlango wa familia. Uzembe wa kupindukia tu ndio una nafasi.

Fundi Plagi
Na uliza nani anasaini logbook ya injini, lile daftari la matengenezo, wasikuambie ni rubani.

Babu wa Hartford
Marahabani wote. Nimewaandikia wenye ndege kuhusu bima na logbook, wamenijibu kwa picha ya ndege ikiwa juu ya mawingu jua linazama na maneno "tunakusubiri kwa hamu". Huo mstari nimeupata, ukurasa wa tatu chini kabisa. Massachusetts. Mama watoto kasharudi kuisoma mara ya tatu na kalamu haionekani ndani ya nyumba nzima.