Diski imejaa, naita man (komandi ya kusomea maelezo ya komandi nyingine), naambiwa nikashushe man kwanza!!

Wakuu nina hasira, mnivumilie.

Juzi saa saba usiku seva ya kazini imegoma, ni Ubuntu (aina ya Linux) ile iliyopunguzwa, diski asilimia 100, bosi anapiga simu kila dakika tano. Mimi sio mtu wa seva, aliyekuwa anaisimamia kaacha kazi nikaachiwa paswedi tu. Nikasema poa, si wanajisifu Linux kila kitu kina maelezo humohumo, nikaandika man du (du ndo inayopima folda zinakula nafasi kiasi gani). Unajua imenijibu nini? Eti mfumo umepunguzwa, kurasa za man zimetolewa kwa sababu mashine hii haitegemewi mtu aingie, ukizitaka rani unminimize. Sasa mimi niliyeingia ni jini?? Na hiyo unminimize inashusha vitu mtandaoni na kuvipakia kwenye diski hiyohiyo iliyojaa! Nyumba inaungua unaambiwa kachimbe kisima.

Nikaandika help yenyewe kama ilivyo. Ikaja orodha ya cd, echo, kill, yaani zile za ndani ya bash (programu inayopokea komandi unazoandika), du haimo, kumbe du ni programu ya nje, inataka du --help. Na ukigeuza mambo, kwenye laptop yangu yenye man zote, man cd inasema ukurasa haupo, mpaka uite help cd. Utajuaje ipi ya ndani ipi ya nje? Eti andika type cd itakwambia. Haya, na hiyo type ningeijulia wapi saa saba usiku?

Ila apropos ndo kichekesho. Ile ya kutafutia komandi usiyoijua jina, ndo inayotakiwa imsaidie mtu kama mimi. Kwenye seva haina kitu maana kurasa hamna, nikaenda kwenye laptop, apropos disk, zikaja komandi kibao, du haipo! Inasoma ule mstari mmoja tu wa juu wa kila ukurasa, na mstari wa du ni "estimate file space usage", neno disk halimo. Umekosea neno, imekula kwako. Nani mwenye diski iliyojaa anawaza neno "estimate" jamani.

Nimeokolewa na du -xh / | sort -h | tail -20, inayoorodhesha folda kubwa kuliko zote, ikanielekeza /var/log, kuangalia humo nikakuta faili moja la logi limefutuka hatari. Nikalimwaga kwa truncate -s 0 (msifute kwa rm wakati programu bado imelishika, nafasi hairudi, hilo nalo nimelijua kwa machozi).

Sasa nyie mnaoseti hizi seva, mnashindwa nini kurani unminimize na kuweka man-db (programu ya man yenyewe) na tldr (maelezo mafupi ya komandi) mapema diski ikiwa bado tupu? tldr angalau inakupa mifano mitano sita unakopi unaendelea na maisha.

Na wale wa "soma manual kijana" leo mnipishe, manual yenyewe ndo hiyo imetolewa.